Kambare Mdogo Afagiaye Kioo

Mtu akitajiwa Mukuru kwa Reuben, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, hafikiri habari ya samaki wa mapambo. Hufikiri nyumba za mabati zilizobanana, moshi wa viwanda, mabomba ya maji yaliyotandazwa juu ya ardhi kama kamba za kuanikia nguo, na Mto Ngong upitao kando yake ukiwa na rangi isiyokuwa ya maji. Lakini ndani ya vyumba hivyo vya mabati wamo wafugao samaki katika matangi ya kioo, nami, mtu wa pwani niliyeletwa bara na kazi ya kiwandani, ni mmoja wao.

Katika samaki wote nilionao, yupo mmoja aulizwaye sana na wageni. Ni kambare mdogo, urefu wake haupiti kidole cha mwisho, ana mstari mweusi ubavuni kutoka puani hadi mkiani. Mchana kutwa hujibandika kwenye kioo kwa mdomo wake na kulamba ukoga wa kijani unaoota humo. Jina lake la kitaalamu ni otosinklasi, na wafugaji humwita oto kwa mkato. Jirani yangu mmoja, mama muuza mboga, alipomwona mara ya kwanza aliniuliza: "Mzee, samaki huyu haliwi, haimbi, wala hauzwi. Faida yake nini?"

Swali hilo ni la haki, hasa mahali ambapo maji hununuliwa kwa mtungi. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa msomaji yeyote wa Lamu, Mombasa au Tanga ambaye angependa kumfuga samaki huyu nyumbani.

SI JAMBO GENI KWETU

Kwanza tukumbushane. Kufuga samaki ndani ya nyumba si desturi tuliyofundishwa jana na wageni. Nyumba za kale za mawe za Lamu zilikuwa na birika za maji za kuogea, na ndani ya birika hizo waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Tena wazee wetu walikuwa na hekima zaidi ya hapo. Chini kabisa ya birika walijengea bakuli la kaure la Kichina, ili maji yanapopungua au birika inapooshwa, samaki wapate mahali pa kubakia hai.

Tazama jambo hilo kwa makini. Samaki alipewa kazi, lakini pia aliwekewa akiba ya maji. Mwenye nyumba hakusema, "Huyu ni mtumishi tu, akifa nitaleta mwingine." Alifikiri siku ya ukame kabla haijafika. Nadhani mafunzo yote ya kumtunza oto yamo ndani ya bakuli lile.

Kwa maana kosa la wengi ni kumchukua samaki huyu kama ufagio. Mtu huona tangi lake limekuwa kijani, akaenda dukani akanunua oto mmoja au wawili, akawatia humo, akaenda zake. Baada ya wiki mbili kioo king'avu, na samaki amekufa. Amekufa kwa njaa, maana chakula kilikuwa ule ule ukoga, nao umekwisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini hawakusema umpe jembe umnyime ugali.

ATOKAKO

Oto ni mwenyeji wa mito ya Amerika ya Kusini, katika nchi kama Brazili, Peru na Kolombia. Jina la kundi lake alilitoa mtaalamu wa Kimarekani, Edward Drinker Cope, mwaka 1871. Ziko aina kadhaa zinazofanana mno. Na aina yenye milia kama punda milia, itokayo Peru, ilipewa jina rasmi mwaka 2004 tu.

Ni wa ukoo mmoja na kambare wenye magamba magumu ya mfupa. Ngozi yake haikuwa laini kama ya kambare wa mito yetu au hongwe wa baharini, amevaa deraya. Mdomo wake uko chini ya kichwa na umeumbwa kama kikombe, una vijino vidogo sana vya kukwangulia. Utumbo wake ni mrefu, kama ilivyo kwa wanyama wengi walao majani, kwa sababu ukoga ni chakula chepesi kinachotaka kuliwa kutwa. Mwenyezi Mungu amempa na jambo jingine la ajabu: maji yakikosa hewa, hupanda juu, akameza pumzi, na kuitumia kupitia tumboni.

Oto wengi wanaouzwa duniani hawakuzaliwa katika matangi. Huvuliwa mitoni, wakawekwa katika vyombo, wakasafirishwa kwa ndege, wakapita mikono mingi hadi dukani. Safari yote hiyo hawali, au hula kidogo sana. Ndiyo sababu wengi hufa katika wiki za kwanza baada ya kununuliwa. Akizivuka wiki hizo, oto ni samaki mstahimilivu ambaye aweza kuishi miaka mitatu hadi mitano.

Basi anunuaye asifanye haraka. Amtazame tumbo: likiwa la mviringo, huyo anakula, likiwa limebonyea kama mtu aliyefunga siku nyingi, amwache. Amwulize muuzaji samaki hao wamefika lini, na wale waliofika jana awaache wakae dukani wiki nzima. Anunue wanne hadi sita, kwani hawa ni samaki wa jamaa. Mmoja peke yake hujificha na kudhoofika.

Tena ajihadhari na ndugu yake mkubwa, pleko. Akiwa mchanga wa kidole kimoja, pleko naye huuzwa kwa jina la "mla ukoga." Lakini baadhi ya pleko hufikia urefu wa sentimita 40 na kuzidi. Huyo si samaki wa tangi la chumbani.

TANGI NA MAJI YAKE

Tangi langu lilitengenezwa na fundi wa vioo hapa hapa mtaani kwa gundi ya silikoni. Lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Likijaa sawasawa huchukua lita zipatazo 50, yaani uzito wa mfuko mzima wa saruji. Kwa hiyo halikai juu ya meza ya miguu mibovu. Mimi nimelikalisha juu ya matofali yaliyopangwa vizuri, na kati yake na tangi nimelaza ubao na kipande cha godoro jembamba.

Nyumba ya mabati ina taabu yake. Saa saba mchana ni tanuri. Usiku wa mwezi wa Julai, Nairobi huwa na baridi ya kuuma mifupa. Oto hupenda maji ya joto la nyuzi 22 hadi 26, na kinachomwumiza zaidi ni kupanda na kushuka kwa ghafla. Hivyo tangi lisiegemee ukuta wa bati. Liwekwe upande wa ndani, mbali na dirisha, na nyakati za baridi lizungushiwe maboksi na blanketi usiku. Umeme wetu hukatika bila kubisha hodi, kwa hiyo anayetegemea kipasha moto peke yake amejenga juu ya mchanga. Kwa pampu ya hewa, mimi ninayo ndogo ya betri kwa ajili ya saa za giza.

Maji mengi ya mfereji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, katika milima ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Ni maji laini, yasiyo na chokaa nyingi, na kwa bahati njema hayo ndiyo yampendezayo oto. Lakini yametiwa klorini ili yatufae sisi, na klorini ni sumu kwa samaki. Maji hayo huachwa katika ndoo iliyo wazi siku nzima ili klorini itoroke, au hutiwa dawa ya kuiondoa inayouzwa katika maduka ya samaki. Maji ya visima virefu vya Nairobi ni habari nyingine. Yana madini mengi, hasa floridi, na mwenye tangi amwulize mwuza maji kwanza alikoyateka.

Kwa ndugu zangu wa pwani, neno moja. Maji ya kisima cha mjini, kilichochimbwa katika mawe ya matumbawe, yana chokaa na mara nyingi chumvichumvi. Oto hawezi chumvi. Afadhali maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi na kuchanganywa na ya mfereji, kuliko kumtesa kiumbe kwa maji ya kisima kwa sababu tu yako karibu.

WENYEJI WASIOONEKANA

Tangi jipya lililojazwa leo, hata likiwa safi namna gani, si nyumba ya oto. Choo cha samaki na mabaki ya chakula hugeuka amonia, nayo ni sumu. Kwa rehema ya Mola wako bakteria waigeuzao amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na bakteria wengine waigeuzao nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo ikiwa haikuzidi. Bakteria hao hukaa katika changarawe, katika sifongo ya chujio na juu ya mawe. Huchukua wiki nne hadi sita kuzaana vya kutosha. Ndiyo maana afuaye sifongo kwa sabuni, au kwa maji ya mfereji yenye klorini, huwaua wafanyakazi wake wote kwa siku moja. Sifongo hukamuliwa ndani ya yale maji ya tangi yaliyotolewa, basi.

Oto asubiri zaidi ya hapo. Miezi miwili ni kadiri njema, mpaka kioo na mawe yamevaa ukoga mwembamba wa kahawia au kijani. Ukoga huo ndio futari yake. Aina nyeusi iliyo kama nywele, na ule utando wa kijani cha bluu wenye harufu mbaya, oto hali, asilaumiwe.

Ukoga ukiisha, huja zamu ya mwenye nyumba. Kipande cha tango, mung'unye mchanga, mchicha au jani la sukuma wiki hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, kikapozwa, kikazamishwa kwa jiwe safi wakati wa magharibi. Asubuhi mabaki huondolewa kabla hayajaoza. Wengine hawatambui mboga mara moja. Mtu asichoke, ajaribu tena usiku wa pili na wa tatu.

Lakini ipo njia isiyo na gharama, na hiyo ndiyo naitumia zaidi. Nina ndoo mbili nyeupe za rangi, zilizooshwa vizuri, juani penye ua wa ploti. Ndani mna maji yaliyotolewa tangini na mawe laini ya mtoni. Baada ya wiki moja au mbili mawe hayo huwa ya kijani. Huyatoa nikayatia ndani ya tangi, na yale yaliyolambwa hurudi ndooni. Hivyo shamba la oto halikauki. Ndoo hufunikwa kwa chandarua, maana hatukufuga samaki ili tulee mbu.

Taa ya tangi iwake saa sita hadi nane tu. Dawa zenye shaba zisitiwe kabisa bila ya kujua, kwani oto ni mwepesi kudhurika. Majirani zake wawe wadogo na wapole, kama samaki wa gapi. Perege na jamaa zake watamsumbua au kummeza. Na akionekana kupanda juu kuvuta pumzi mara kwa mara, hiyo ni barua kwamba maji hayana hewa au yamechafuka, basi yabadilishwe sehemu siku ile ile.

HESABU YA MAJI

Sasa nirudi kwa yule mama muuza mboga. Mukuru tunajua thamani ya tone. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu, yaani kwa Reuben, kwa Njenga na Viwandani, na maji yalikuwa katika mambo makubwa ya mpango huo. Mabomba yakikauka, bei ya mtungi wa lita 20 hupanda, na mwenye watoto watano ana haki ya kumtazama kwa jicho kali mtu anayenunua maji ya samaki.

Hesabu yangu ni hii. Kila wiki hubadilisha lita 10 katika zile 50, yaani nusu ya mtungi. Hizo lita 10 hazimwagwi. Zina nitrati, na nitrati ni mbolea. Humiminwa katika magunia ya udongo yaliyopandwa sukuma wiki, kama wafanyavyo wengi hapa mtaani kwa kukosa shamba. Magunia yangenyweshewa vivyo hivyo, kuwe na samaki au kusiwe. Maji yamepita kwa oto kwanza, yakamlisha, kisha yakatulisha sisi, na majani machache humrudia yeye. Sisi tuliofunzwa kutofanya israfu ya maji hata katika kutawadha, hatuwezi kufuga kwa namna nyingine.

Yule mama alisikiliza, akaenda kuyashika majani ya sukuma, akasema: "Haya, kumbe huyu mfanyakazi analipa kodi." Siku hizi huniletea matango yaliyopondeka asiyoweza kuyauza.

Ama watoto wa ploti, wao wamepata darasa. Wamejifunza kusoma kipimajoto, kuhesabu lita, na kutazama tumbo la samaki ili kujua kama ameshiba. Mtoto anayeona kwa macho yake jinsi maji yachafukavyo ndani ya lita 50, huutazama Mto Ngong kwa macho mapya. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Na mto wetu ni tangi la watu wengine.

MTO HUENDA WAPI

Hilo ndilo jambo ambalo ningependa wasomaji wa pwani walishike kuliko yote. Mto Ngong uliopita Mukuru huingia Mto Nairobi, Mto Nairobi huingia Athi, nayo Athi hushuka hadi Tsavo, ikaitwa Galana, kisha Sabaki, ikamwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Visima vya Baricho, vinavyowapa maji watu wa Malindi, Kilifi na Mombasa, vimo kando ya Sabaki hiyo hiyo. Anachotupa mtu wa kwa Reuben mtoni, safari yake huelekea kwenu.

Sasa fikiri habari ya mtu aliyenunua pleko wa kidole kimoja, akakua mpaka akalijaza tangi. Huruma humshika, hataki kumwua, humchukua akamwachia mtoni. Anadhani amefanya wema. Katika nchi nyingine, kama Meksiko, Ufilipino na Bangladesh, na katika jimbo la Florida huko Marekani, pleko walioachiwa hivyo wamezaana na kujaa mitoni. Huchimba mashimo kingoni mwa mto ili watage, kingo zikabomoka. Hula ukoga uliokuwa riziki ya samaki wenyeji. Na deraya zao hukata nyavu za wavuvi. Nasi Kenya tumekwisha kuona mfano wetu. Kamba wa Louisiana waliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, na wamelibadili ziwa lile kwa kula mimea yake ya majini.

Tena mito yetu haikukosa wenyewe. Katika Athi na Tana wamo kambare wadogo wetu, jamii ya kiloglanisi, nao wana midomo ya kikombe wanayojibandikia mawe penye maji yaendayo kasi. Si oto, wala hawafai kwa tangi la maji yaliyotulia. Wao ni wa mto, na mto uachiwe wao.

Aprili 2024, mafuriko yalipoufurisha Mto Ngong na maji yakaingia katika nyumba za Mukuru, tuliokuwa na matangi tuliona wazi jinsi kilicho chumbani kinavyoweza kuwa mtoni kwa usiku mmoja. Ndiyo maana nasema: akaaye karibu na mto asifuge pleko kamwe. Aliyemshindwa samaki wake amrudishe dukani au ampe mfugaji mwenzake, lakini mtoni asimtie.

AMANA

Sote tulisoma chuoni kisa cha mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache akajitafutia vijidudu vya ardhini, na yaliyompata kwa ajili hiyo. Paka yule angeweza angalau kulia. Samaki hana sauti. Amefungiwa ndani ya kioo, hawezi kwenda kutafuta ukoga mwingine, wala maji mengine, wala mwenziwe. Yote hayo yamo mikononi mwa mwenye tangi.

Kwa hiyo anayetaka kufuga oto ajiulize kwanza kama ana nusu mtungi wa maji kila wiki, jani la mboga kila siku chache, na miezi miwili ya subira kabla ya kumleta mgeni nyumbani. Asiye navyo apambe chumba chake kwa maua, si aibu. Aliye navyo na aanze leo kwa kujaza tangi, akaliacha liive, akaweka na ndoo yake ya mawe juani. Kambare huyu hatamfanya tajiri. Atamsafishia kioo, atamnyweshea sukuma wiki, na atawafundisha watoto wake kwamba kiumbe kidogo kuliko kidole nacho kina haki yake.